Matete Niliyoyakata Nyuma ya Kiwanda cha Magari

Kwa ndugu yangu Kirimi, Kiirua.

Kirimi, kabla hujavuta kiti, jua kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye asipoamka asubuhi Wajerumani hawapati magari. Sijisifu. Ingia hapa kiwandani uulize, "Maji ya rangi yanasimamiwa na nani?" Utaonyeshwa mimi. Mkurugenzi mwenyewe akipita ndiye hunisalimu kwanza, nami huitikia kama nina nafasi.

Muga! Hamjambo wote hapo nyumbani? Mama yetu, mguu wake umepoa au bado anaukanda kwa maji ya moto? Shemeji hajambo? Na yule ng'ombe mweusi alizaa? Mvua imefika upande wa Buuri au bado mnautazama mlima tu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ilijaribu kuniua ikashindwa. Niliiambia, mimi nimezaliwa chini ya mlima wenye barafu, wewe ni mjukuu wake, niamkie kwa heshima.

Barua yako imefika, na niliisoma nimesimama. Kumbe mambo ni makubwa. Unasema wazee wa mfereji walikuja karakanani kwako, Mzee M'Ikiara mwenyekiti akiwa mbele na fimbo, wakakuta maji yanayotoka kwako yana rangi ya buluu, ileile buluu uliyopaka lori la Bwana Hassan. Ng'ombe wa majirani wa chini wamegoma kunywa. Njegere za mama mjane wa pale kwenye kona zimekuwa manjano. Na wazee wamekata shauri: siku ya kusafisha mfereji watateka kibuyu cha maji chini ya karakana yako, unywe wewe mwenyewe, watu wote wakitazama. Ukikataa, karakana inafungwa, na hutaunda tena bodi ya lori hapo Kiirua. Halafu ukaniuliza, "Kaka, wewe uko kwenye magari makubwa. Hao wenzako rangi yao wanaimwaga wapi?"

Hapo ulimuuliza mwenyewe. Ungemuuliza profesa angekutafutia kitabu.

Nakujibu kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, kwa sababu nataka Kendi aisome barua hii mbele ya wazee siku hiyo, na Bwana Hassan naye asikie kila neno, asije akadhani tunamsengenya na lori lake. Kendi, binti ya ndugu yangu, soma kwa sauti kubwa na usinirekebishe. Najua huko shuleni Kaaga wanawafundisha ngeli. Mimi ngeli ziliingia darasani wakati natoka.

Sasa sikilizeni. Kiwanda hiki ukilichukua paa lake na kulitandaza hapo kwetu, linafunika Kiirua yote, soko, kanisa, shamba la viazi la Mzee M'Ikiara, na linabaki la kuezeka nyumba ya mbwa. Chuma kinaingia mlango wa huku kikiwa kimeviringwa kama mkeka, gari linatoka mlango wa kule likinguruma. Katikati kuna mikono ya chuma isiyo na mtu, inachomelea, inageuka, inainama, inarudi. Siku yangu ya kwanza nilivua kofia, nikakaa kimya. Mimi, Gitonga, kukaa kimya! Mehmet, Mturuki ninayefanya naye kazi, alidhani naugua. Kijerumani chake na changu vikikutana vinaumizana, lakini tunaelewana.

Kilichonishangaza zaidi si yale magari. Ni vile ambavyo hakuna kitu kinachotupwa. Wewe Kirimi ukikata bati la bodi, vipande unavirusha nyuma ya choo, na kila msimu kuna mtoto anachanika mguu. Huku kipande kama ukucha hakipotei. Kinaanguka chini ya mashine kwenye mkanda unaotembea, kinakwenda kukandamizwa na wenzake mpaka wanakuwa matofali ya chuma, wanapanda treni kurudi kwenye tanuru. Mehmet alinigonga bega akanionyesha mlango wa gari jipya.

"Huu," akasema, "pengine ulikuwa sufuria ya bibi yangu."

"Basi bibi yako alikuwa na sufuria nzito," nikamwambia.

"Na mkono mzito pia."

Hata magari ya zamani yanarudi. Yanavunjwavunjwa, chuma upande wake, plastiki upande wake, na ile plastiki ya mbele inayovunjika kila mtu akigonga ng'ombe, inasagwa inakuwa nyingine. Nilijiuliza, je, gari likishakufa huku na kuzaliwa tena, linakumbuka njia? Nikaona swali hili ni kubwa kwa mtu aliyeshika fagio, nikaendelea na kazi.

Nije kwa rangi, maana hapo ndipo penye kesi yako.

Chumba cha rangi ni kama kanisa la kioo. Mikono ile ya chuma inapuliza gari, na gari linapita polepole kama bibi harusi. Sasa wewe unajua, rangi ukipuliza, nusu inashika bodi, nusu inakwenda kwenye nguo, kwenye mbuzi wa jirani na kwenye chapati za fundi. Hapa sakafu ni wavu, na chini ya wavu kuna maji yanayotiririka mchana kutwa. Ile rangi iliyokosa gari inavutwa chini na upepo, inaangukia maji, maji yanaichukua. Maji yale yanakwenda kwenye birika kubwa chini ya ardhi, hapo wanatia dawa, rangi inaganda, inakuwa tope zito kama uji wa wimbi uliolala. Tope linachotwa, linakaushwa, linapelekwa kwa wenye kazi hiyo. Na maji? Maji yanapanda tena juu kukamata rangi nyingine. Yaleyale, Kirimi! Mimi ndiye ninayesimamia lile tope, kwa koleo langu mwenyewe, kwa hiyo ninachosema nakijua kwa mikono na kwa pua.

Na rangi yenyewe siku hizi wanaichanganya na maji, si thina kwa wingi kama zamani. Ukisimama karibu hulewi. Nilikumbuka karakana yako, ambapo mtu akipita tu barabarani anaanza kuimba. Na lile joto la kukaushia rangi halitolewi nje likapotea. Limepitishwa kwenye mabomba, linapasha moto vyumba vya kubadilishia nguo na maji ya kuoga. Mimi kila jioni huoga joto lililokausha gari la tajiri, na hajui.

Msidhani hawa watu walizaliwa malaika. Mzee mmoja wa hapa, aliyeanza kazi akiwa kijana, aliniambia zamani mto wao ulikuwa unabadilika kila siku. Mtu akitaka kujua leo kiwandani wanapaka rangi gani, alikuwa anakwenda daraja la chini kuchungulia. Leo nyekundu, kesho kijani. Samaki walikwisha. Watu wa chini walipiga kelele mpaka sheria ikatungwa. Kwa hiyo Mzee M'Ikiara, fimbo yako si ya ushamba. Hata Ulaya ilihitaji mtu wa chini ya mfereji kupiga kelele.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nijulikane hapa mpaka jikoni.

Nyuma ya kiwanda kuna mfereji. Nilipouona mara ya kwanza moyo uliruka, nikasema, ala! kumbe hata hawa wana mfereji! Maji yanayobaki, yale ambayo hayawezi tena kurudi kazini, yanapita hapo, yanaingia madimbwi fulani, halafu ndiyo yanakwenda mtoni. Lakini niliona aibu kwa niaba yao. Mfereji umejaa matete! Yamesongamana, marefu kuliko mimi, maji hata hayaonekani yanapita. Nikasema, hawa wamesoma sana lakini hawajalelewa. Kwetu mfereji wenye matete ni mfereji wa watu wavivu, na mwenye sehemu hiyo anatozwa mbuzi.

Basi asubuhi moja nikaona kazi ya tope imeniachia nafasi. Nikachukua koleo na panga la bustani, nikavaa gambuti, nikaingia. Kirimi, nilikata! Nilikata kama tulivyokuwa tukikata na marehemu baba, mguu mmoja kwenye maji, mmoja kwenye ukingo, nikayang'oa na mizizi, nikayapanga kando vizuri kama majani ya ng'ombe. Maji yakafunguka, yakaanza kukimbia. Nilifurahi. Nilisema leo watajua wamemleta mtu.

Nikamwona Bi Ingrid anakuja mbio. Huyu ndiye mhandisi wa maji, mwanamke mrefu kama mlingoti wa bendera, na sikuwahi kumwona akikimbia. Nikajipangusa mikono, nikajua anakuja kunishukuru.

"Umefanya nini?" akasema.

"Nimesafisha."

"Umesafisha nini?"

"Mfereji. Ulikuwa umeziba. Usijali, ni zawadi yangu."

Alitazama lile rundo la matete. Akafunika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Gitonga," akasema polepole, kama unavyosema na mtoto aliyekula sabuni, "hayo matete ndiyo yanayosafisha. Wewe umemfukuza msafishaji."

Nikabisha. Unanijua. Nikamwambia matete ni magugu, yanakula maji. Akasema, sawa kabisa, yanakula, na ndiyo sababu tuliyapanda. Akachuchumaa kwenye tope na suruali yake safi, akaushika mzizi mmoja niliong'oa, akanionyesha zile nywele nywele. Akasema kwenye nywele hizi kuna wadudu wadogo wasioonekana, na kile kiasi cha uchafu kinachobaki baada ya mashine zote kumaliza, hawa ndio wanakimalizia. Maji yanatakiwa yapite polepole. Yakikimbia, yanakimbia na uchafu wake.

Nilishika ule mzizi mkononi. Kirimi, mashine zote zile, mikono ya chuma, mabirika, mabomba, halafu mwisho wa yote wanategemea matete! Tete hili hili linaloota hapo kwetu bila kuombwa, tunalolichoma moto kila mwaka. Nilihisi kama mtu aliyemfukuza mgeni mlangoni kisha akaambiwa alikuwa ni mkwe.

Lakini sikutaka kushindwa kabisa mbele ya watu, maana Mehmet na wengine walikuwa wameshafika. Nikasema, "Kwetu anayesema maji ni safi huyanywa." Nilidhani nimemweza.

Bi Ingrid alitembea mpaka dimbwi la mwisho, lile lenye samaki, ambapo maji huingia mtoni. Samaki wamewekwa hapo makusudi, wakifa kengele inalia na kiwanda kinatafutwa kosa. Akaomba glasi, ikaletwa kutoka chumba cha kupimia maji. Akachota. Akaiinua kwenye mwanga, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa mdomo kwa mkono kama mtu wa kwetu.

"Si kitu cha kufanya kila siku," akasema. "Sasa wewe."

Akachota nyingine akanipa. Niliishika ile glasi nikaitazama, ilikuwa nyeupe kama maji ya chemchemi, unaona vidole vyangu upande wa pili. Nikainama kidogo, nikageuka upande wa matete, na glasi nilipoirudisha ilikuwa tupu. Walipiga makofi. Mehmet alinipiga mgongo nikakohoa. Tangu siku hiyo nimepewa jina, wananiita Bwana Matete, na yale niliyong'oa tuliyapanda tena mimi na Bi Ingrid, bega kwa bega, yeye akiuliza mifereji ya mlimani imechimbwaje, mimi nikimweleza kwa upana unaostahili.

Basi Kirimi, fanya hivi, na wazee washuhudie.

Kwanza, tone la rangi lisiguse mfereji tena. Si kidogo, si la kuoshea brashi. Jenga kibanda cha kupulizia, uzungushe magunia yaliyoloweshwa, na chini uchimbe mtaro mdogo wa saruji wa kukamata maji. Mtaro uende kwenye shimo lako mwenyewe, mbali na mfereji na mbali na kisima, si kwenye maji ya watu. Kama hujui shimo linachimbwaje, mwulize baba mkwe wako huko Embu. Shemeji amekulia karibu na kiwanda cha kahawa, anajua zile harufu na yale mashimo ya kuzuia maji ya maganda yasiingie mtoni. Wao kahawa, wewe rangi, lakini mwenye kunywa chini ni yuleyule. Lako liwe la saruji, kwa sababu rangi ni mbaya kuliko maganda. Tope likituama likaukie hapo, ulichote, uweke kwenye pipa lenye kifuniko. Usichome. Usizike kwenye shamba la mama.

Thina uliyooshea bunduki ya rangi usiimwage. Iache itulie, ile safi ya juu uitumie kuosha tena kesho. Vipande vya bati vikusanye, kuna watu wa vyuma chakavu wanapita kutoka mjini. Na pembeni ya karakana, hapo maji ya mvua yanapotoka uwanjani kwako kabla hayajafika mfereji, panda matete. Mengi.

Hapa nawageukia wazee wetu. Mzee M'Ikiara, nakusalimu kwa mikono miwili. Siwaambii muache kusafisha mfereji, mfereji wa pamoja usafishwe kama zamani. Ninachoomba ni kimoja, siku hiyo vijana wakifika karakana ya ndugu yangu na mapanga, wasiguse matete ya uwanjani kwake. Wapite. Mtu akiuliza kwa nini, mwambieni kuna mtu wa Kiirua aliyeyakata Ulaya na akakimbizwa na mwanamke. Na kama kazi ya shimo haijakauka siku hiyo, mpeni ndugu yangu muda mpaka usafishaji mwingine, akiwa ameacha kupuliza kabisa. Ana watoto shuleni na mafundi wenye watoto. Lakini muda ukiisha, mshikeni. Aliye juu ya maji hanywi peke yake, na hilo nilifundishwa hapo hapo, sikulifuata huku.

Na wewe Kirimi, siku hiyo kunywa. Maji ya mfereji, si ya shimo, usije ukajifanya shujaa ukanywa rangi. Mfereji ukiwa haujaguswa na rangi yako, maji ya chini ni sawa na ya juu, ni maji ya mlima uliyokunywa ukiwa mtoto. Kunywa mbele ya yule mama wa njegere, na ukimaliza mpelekee mbegu nyingine bila kungoja kuambiwa.

Nisalimie mama yetu, mwambie blanketi ninalolala nalo ni zito kuliko mbuzi. Msalimie shemeji na wazazi wake wa Embu. Shangazi yetu wa Laare mwambie sijamsahau, na mume wake aache kuniombea gari, hapa hawagawi. Mke wangu mpe pole kwa kunikosa, ingawa barua yake ya mwisho haikuonyesha kwamba ananikosa sana. Mafundi wako wote, na Bwana Hassan, na wazee wa mfereji mmoja mmoja, kila mtu ajisikie ametajwa.

Huyu ni mimi, kaka yako uliyemfuata tumboni, niliye mbali kwa miguu tu.

Gitonga, Baba Mwenda.

Kendi, ukifika hapa nyamaza. Kunja karatasi, mpe baba yako, asimame kando asome mwenyewe.

Kirimi, umeshabaki peke yako? Ile glasi sikuinywa. Niliiogopa. Nilipogeuka upande wa matete niliimimina ndani ya gambuti la kushoto, na mchana kutwa nilitembea likilia chwa, chwa, Mehmet akiuliza ni ndege gani. Bi Ingrid mpaka leo anawaambia watu Mwafrika wake alikunywa. Basi siku ya kibuyu, ndugu yangu, nenda miguu mitupu.